Kuchambua mgawo wa bridge: kompyuta, kalamu au wenzako?

Katika bridge, mchezo wa karata wa wawili dhidi ya wawili, nilikuwa nimekaa Kusini. Mkataba tuliouita kwenye mnada, kabla ya karata kuchezwa, ulikuwa 3 bila turufu: tuliahidi kula mizunguko tisa (sita na tatu) kati ya 13, bila aina yoyote kuwa turufu. Mzunguko ni karata nne, moja ya kila mchezaji. Magharibi alianza na mfalme wa kopa, mwenzangu akalaza karata zake mezani, na picha ikawa hivi:

Kaskazini (mezani): shupaza 8-5-3, kopa 8-6-4, uru ree-6-3, pau mfalme-malkia-7-2.

Kusini (mkononi mwangu): shupaza ree-malkia-4-2, kopa ree-5-2, uru mfalme-malkia-5, pau ree-6-3.

Hesabu mizunguko ya uhakika: ree ya shupaza (wengine mnaiita esi), ree ya kopa, uru tatu, pau tatu. Ni minane, nami nahitaji tisa. Niliwaachia kopa mbili za mwanzo, nikala ya tatu kwa ree, na hapo Mashariki akatupa uru ndogo. Maana yake Magharibi alianza na kopa tano, na mbili zimebaki mkononi mwake zikisubiri. Nikavuka kwenda mezani kwa ree ya uru, nikacheza shupaza ndogo, nikaweka malkia. Mfalme alikuwa kwa Mashariki. Malkia akala, mkataba ukatimia.

Jioni niliuingiza mgawo huo kwenye kompyuta. Jibu likaja papo hapo: mizunguko 9, na hakuna karata hata moja niliyocheza iliyopoteza kitu. Nikamtumia mwenzangu kwa furaha. Akajibu kwa swali moja: "Mwenzangu, pau ulizionaje?"

Sikuwa nimeziona. Kama ningecheza pau tatu kwanza, ree kisha mfalme kisha malkia, ningejua iwapo zimegawanyika tatu kwa tatu. Zikiwa hivyo, ile 7 ya mezani ndiyo mzunguko wa tisa na sihitaji kumgusa mfalme wa shupaza. Zisipokuwa hivyo, tayari nimesimama mezani, na malkia wa shupaza bado ananisubiri. Njia mbili badala ya moja, bila gharama. Kwa kopa tano zinazojulikana kwa Magharibi, njia niliyoicheza inafaulu kama mara 58 katika 100. Ile ya kuanza na pau inafaulu kama mara 71.

Nilitimiza mkataba, kompyuta ikanipa alama kamili, na bado nilikuwa nimekosea. Tangu siku hiyo sichukulii kwamba "kuchambua" ni kazi moja. Kila chombo cha uchambuzi kinajibu swali lake, na ukikiuliza swali la mwenzake kitakupa jibu safi lisilokuhusu. Ndiyo maana naviweka hapa ubavu kwa ubavu.

Matokeo ya meza nyingine

Hiki ndicho wengi wetu hukimbilia kwanza, na ndicho ninachokiamini kidogo zaidi. Katika mashindano ambayo mgawo uleule huchezwa meza nyingi, unaona kwamba meza sita zimetimiza 4 kopa (mizunguko 10, kopa zikiwa turufu) nawe umeanguka, yaani hukuutimiza, kwa hiyo umekosea. Au hukukosea. Huenda kwao karata ya kwanza ilikuwa tofauti, huenda mnada wao uliwafichua wapinzani, huenda mchezaji mkuu, yule anayeucheza mkataba, alikuwa yule mwingine wa upande huohuo, na karata ya kwanza ikatoka mkono mwingine kabisa. Safu ya matokeo hukuonyesha mahali pa kutazama. Ikiwa meza zote zimefika slemu (mkataba wa mizunguko 12 au 13) na ninyi mmesimama kwenye gemu (mkataba wa chini yake wenye zawadi ndogo zaidi), mnada wenu una jambo la kuchunguzwa. Zaidi ya hapo usiitake safu hiyo iseme.

Kompyuta inayoona karata zote

Hapa ndipo kuna utajiri, na ndipo kuna mtego. Programu za aina hii, kama Deep Finesse na DDS ya Bo Haglund, hupewa mikono yote minne na kujibu swali moja: kama wachezaji wote wanne wangekuwa wanaona karata zote 52 na kucheza bila kosa, kila mkataba ungetoa mizunguko mingapi? Kuna aina nne za karata na "bila turufu", na kuna viti vinne, kwa hiyo jedwali lina majibu 20. Yote ni sahihi kabisa. Hakuna mchezaji duniani anayeweza kubishana nayo.

Ila soma tena sharti lake: wote wanaona karata zote. Chukua mfano mdogo. Una shupaza ree-mfalme-ghulamu-6-2 mkononi na 8-5-4-3 mezani. Malkia hayupo kwenu. Unacheza ree, wote wanafuata kwa karata ndogo. Ukienda mezani na kucheza tena shupaza, na anayekutangulia akafuata tena kwa ndogo, unabaki na chaguo: umcheze mfalme ukitumaini malkia ataanguka, au upenyeze ghulamu, yaani umcheze ukitumaini malkia yuko kwa aliyekutangulia, kama nilivyofanya na malkia wa shupaza? Uwezekano ni kama 52 kwa 48 kwa upande wa mfalme, pengo jembamba mno. Kompyuta haina chaguo hilo, kwa sababu inamwona malkia alipo. Malkia akiwa amekaa na mwenzake mmoja nyuma yako, itakuambia mfalme ni sahihi na ghulamu ni kosa. Akiwa mbele yako na wenzake wawili, itakuambia kinyume. Mgawo wa leo utakulaumu, wa kesho utakusifu, nawe umefanya jambo lilelile.

Kwa hiyo tumeona upande mmoja: inaweza kukulaumu bila kosa. Mgawo wangu wa pale juu ni upande wa pili, na ndio wa hatari zaidi, kwa sababu aliyesifiwa harudi kutazama. Mfalme wa shupaza alikuwa mahali pazuri, kwa hiyo kupenyeza mapema "hakukupoteza kitu". Kosa langu lilipita kimya.

Je, tuitupe? La. Kuna maswali ambayo hakuna chombo kingine kinachoyajibu vizuri kama hiki. Wapinzani wametimiza 4 shupaza, nanyi wawili mnalaumiana: wewe unasema angerudisha pau, yeye anasema ungeanza na uru. Kompyuta inamaliza ugomvi kwa dakika moja. Mara nyingi inaonyesha kwamba hakuna ulinzi wowote ambao ungeuangusha, na mnalala kwa amani. Mara nyingine inaonyesha karata moja tu iliyoweza kuuangusha. Hapo ndipo kazi yako inaanza: jiulize kama palikuwa na dalili yoyote mezani, katika mnada au katika karata zilizokwisha kuchezwa, ya kukuongoza kwenye karata hiyo. Kama ilikuwepo, umejifunza. Kama haikuwepo, liache lipite.

Niseme pia kwamba mashine za kucheza bila kuona zipo, na ni kitu kingine kabisa. Machi 2022, jijini Paris, programu ya NooK ya kampuni ya NukkAI iliwashinda mabingwa wanane wa dunia katika migawo 800. Lakini mnada haukuwemo, wala ulinzi. Kila mmoja alicheza mkataba wa 3 bila turufu dhidi ya walinzi wa kompyuta. Ilishinda kwa kupima uwezekano, kazi ileile niliyoikwepa siku ile.

Kalamu na karatasi

Kwa swali la "niucheze vipi mkataba huu", kalamu haijapata mshindani, kwa sababu inatumia kile tu ulichokijua wakati ule. Nayo ndiyo pekee unayoweza kuingia nayo mezani kichwani. Hakuna atakayekuruhusu kufungua kompyuta katikati ya mchezo.

Huhitaji mengi. Wapinzani wakiwa na karata 5 za aina moja, zitagawanyika 3 kwa 2 kama asilimia 68 ya mara zote, 4 kwa 1 asilimia 28. Wakiwa na 6, usitegemee usawa: 4 kwa 2 ni asilimia 48, na 3 kwa 3 ni 36 tu. Wakiwa na 4, 3 kwa 1 ni kama nusu, na 2 kwa 2 ni 41. Watu wengi hushangaa hapo, kwa kuwa macho yetu hupenda usawa: idadi shufwa ya karata, kuanzia nne, hupenda kugawanyika bila usawa, na idadi witiri hugawanyika kwa usawa kadiri inavyowezekana.

Hatua ya pili ni nafasi zilizo wazi, na ndiyo iliyonipa zile 58. Magharibi ana kopa 5, kwa hiyo zimebaki nafasi 8 mkononi mwake ambazo hatuzijui. Mashariki ana kopa 2, kwa hiyo nafasi 11. Mfalme wa shupaza anakaa katika mojawapo ya nafasi 19, na 11 kati ya hizo ni za Mashariki. Gawanya: 58 katika 100. Ni hesabu ya mtoto wa shule ya msingi, lakini nimewaona wachezaji wa miaka mingi wakisema "nusu kwa nusu" huku kopa zote zimekwisha kuhesabiwa mezani.

Ya tatu ni ngumu kuikubali moyoni: mtu aliyecheza malkia huenda alilazimika, na huenda alichagua. Una tena karata tisa za shupaza, safari hii ree-mfalme-10-6-2 kwa 8-5-4-3, na malkia na ghulamu wote hawapo. Unacheza ree na mlinzi aliyekaa nyuma yake anaangusha ghulamu. Je, ana malkia pia, au ni ghulamu peke yake? Angekuwa na wote wawili, nusu ya mara angeangusha malkia badala ya ghulamu. Kwa hiyo ghulamu akionekana, uwezekano wa kuwa peke yake ni karibu mara mbili ya ule mwingine, nawe unapaswa kupenyeza 10 mzunguko unaofuata. Linganisha na mfano wa kwanza: karata tisa kule, karata tisa hapa, na ushauri ni kinyume. Hakuna jedwali la kompyuta litakalokuonyesha tofauti hiyo kwa mgawo mmoja.

Udhaifu wa kalamu ni uvivu wetu na mnada. Swali kama "nipite au niongeze?" halina fomula. Hapo nenda sehemu mbili zinazofuata.

Uigaji wa migawo elfu

Mwenzako amefungua 1 bila turufu, pointi 15 hadi 17 (ree ni 4, mfalme 3, malkia 2, ghulamu 1). Wewe una shupaza 7-4, kopa mfalme-ghulamu-3, uru mfalme-ghulamu-10-6-2, pau 9-8-5. Pointi 8 na uru nzuri tano. Mko hatarini (zawadi na adhabu zenu ni kubwa zaidi), na alama ni za IMP, kipimo cha mashindano ya timu kinachogeuza tofauti ya alama kati ya meza mbili kuwa namba ndogo. Upite, umkaribishe mwenzako aamue, au uite 3 bila turufu moja kwa moja?

Anza na bei. Ukiita gemu na ikatimia, wakati meza nyingine wamesimama chini, unapata 600 dhidi ya 150: tofauti ya 450, yaani IMP 10. Ikianguka kwa mzunguko mmoja, ni 100 za kulipa dhidi ya 120 walizopata wao: tofauti ya 220, yaani IMP 6. Sita kwa kumi na sita: gemu ikitimia zaidi ya mara 37 au 38 katika 100, inafaa kuitwa. Msipokuwa hatarini faida ni IMP 6 na hasara ni 5, kwa hiyo unahitaji kama 45. Huu ni ulinganisho ambao kila mchezaji wa timu anapaswa kuujua hata asipogusa kompyuta maisha yake yote.

Sasa, mara 37 katika 100 zipo au hazipo? Ukiwa umeshika karata zako 13, mwenzako anaweza kuwa na mikono 8,122,425,444 tofauti. Huwezi kuikagua yote, lakini unaweza kuchota sampuli. Unaiambia programu: karata zangu ni hizi, mwenzangu ana pointi 15 hadi 17 na mkono wa usawa, gawa mara 1000, kisha hesabu ni mara ngapi mizunguko 9 inapatikana.

Idadi ina maana. Kwa migawo 100, jibu linaweza kuyumba kama asilimia 10 juu au chini kwa bahati tu, na hilo halifai kuamulia chochote. Kwa 1000 linayumba kama asilimia 3. Ukipata asilimia 48 kwa migawo 1000, umemaliza. Ukipata asilimia 38, bado hujui.

Kuna kasoro mbili za kuangalia. Ya kwanza ni masharti. Kama mpinzani wa kushoto alipita juu ya 1 bila turufu, ondoa migawo ambayo angekuwa na shupaza saba na pointi 12, kwa kuwa mtu huyo angesema kitu. Nimeona uigaji wenye migawo mingi sana na sharti moja lililosahauliwa, na jibu lake halikufaa kitu. Ya pili ni kwamba ndani ya kila mgawo programu nyingi hucheza zikiwa zinaona karata zote. Katika 3 bila turufu hilo huwapendelea walinzi, kwa kuwa kila mara wanaanza na karata ya kuua, jambo ambalo binadamu hawafanyi. Katika slemu humpendelea mwenye mkataba, kwa kuwa kila malkia aliyepotea anamkamata. Kwa hiyo jibu la gemu ya bila turufu lichukulie kuwa la uoga kidogo, na la slemu kuwa la matumaini kidogo.

Wenzako, wakiulizwa vizuri

Uigaji hauwezi kukuambia kama mwito wako ungeeleweka, wala kama ni mwito ambao mchezaji wa kiwango chako angeufikiria. Hilo waulize watu. Waamuzi wa mashindano hufanya hivyohivyo. Kanuni ya 16 katika Sheria za Bridge za 2017 inatambua "mbadala wa kimantiki" kuwa ni hatua ambayo sehemu kubwa ya wachezaji wa daraja hilo, wakitumia mfumo uleule, wangeifikiria kwa dhati na baadhi yao huenda wangeichagua. Njia inayofaa ya kulijua hilo ni kuwaendea wachezaji hao na kuwauliza.

Namna ya kuuliza ndiyo kila kitu. Mpe mtu mkono mmoja, mnada hadi pale ulipofika, hali ya hatari na aina ya alama. Basi. Usimpe mikono mingine. Usimwambie ulichoita wewe. Usimwambie kilichotokea, wala usitabasamu. Ukisema, "Nilipita hapa, ikawa msiba, wewe ungefanyaje?" umeshampa jibu, na adabu itamzuia kukupinga. Waulize watano au sita, mmoja mmoja, na uwaulize pia walichokifikiria kabla ya kuamua. Wanne wakisema "nampa dabo" (mwito unaoongeza adhabu ya mpinzani akianguka) bila kusita na wewe hukuwaza dabo kabisa, hilo lina thamani kuliko asilimia yoyote. Wakigawanyika tatu kwa tatu, uamuzi wako haukuwa kosa hata kama ulikugharimu IMP 12.

Usiwatumie kwa maswali ya mahesabu. Watu sita wanaosema "ningepenyeza" hawabadilishi 58 kuwa 71.

Na kuna mtu mmoja ambaye hawezi kuwakilishwa na kura wala kompyuta: mwenza wako. Ulipoita 4 pau, je, ilikuwa kuuliza ree, kuonyesha pau, au kukubali kopa zake? Ni ninyi wawili tu mnaojua mlichokubaliana, na mara nyingi mtagundua kwamba hamkukubaliana chochote. Maongezi haya yafanyeni baada ya mchezo, si kati ya mgawo na mgawo, na yaanze na "ulielewa nini?" kabla ya "kwa nini uli...". Andikeni jibu. Katika daftari letu, makosa yaliyotugharimu zaidi yako hapa, na hakuna hata moja ambalo jedwali la majibu 20 lingelitaja.

Basi kipi kwa lipi?

Kama ni uchezaji wa mkataba, anza na kalamu, na ufunge kompyuta mpaka umeandika njia zako na uwezekano wa kila moja. Kama ni ulinzi, anza na kompyuta, kisha rudi nyuma kutafuta dalili. Kama ni mnada wa "kiasi gani", yaani gemu au hapana, slemu au hapana, uigaji ndio mwenyewe, ukiwa na muda wa kuweka masharti sawasawa. Kama ni mnada wa "mwito gani", waulize wenzako. Na kama wewe na mwenza mlikuwa mkizungumza lugha mbili, msihangaike na chombo chochote kabla ya kuketi pamoja.

Ukiwa na dakika kumi tu usiku, chagua mgawo mmoja ulioushinda badala ya ulioupoteza. Funika mikono ya wapinzani kwa karatasi, utazame miwili yako, na uorodheshe kila mahali ambapo mzunguko wa ziada ungeweza kutoka. Mimi siku ile ningeandika shupaza, na chini yake pau.